Mkuu wangu anataka nithibitishe mkutano ambao haukufanyika, na mzee wa kanisa ananisomea Warumi 13

Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe.

Nimeajiriwa serikalini, katika ofisi ya ardhi. Kazi yangu kubwa ni kukagua na kuthibitisha nyaraka kabla hazijapanda ngazi za juu. Naipenda kazi hii. Nimewaona wajane wakipata hati zao, na ndugu waliokuwa hawasalimiani wakimaliza ugomvi wa mipaka pale pale mezani kwangu.

Sasa kuna eneo linatakiwa kwa mradi. Watu wanaishi pale, na sheria iko wazi: waitwe mkutanoni, waelezwe, wapewe nafasi ya kupinga, kisha ndipo suala la fidia lizungumzwe. Mkutano huo haukufanyika. Hata hivyo mkuu wangu wa kazi ameniletea muhtasari uliokamilika, wenye tarehe, ajenda, orodha ya waliohudhuria na sahihi zao, anataka niuthibitishe. Katika orodha ile nimekuta jina la mzee mmoja ambaye mirathi yake niliishughulikia mimi mwenyewe. Alishafariki. Nilipomwuliza mkuu, alinijibu, "Hayo ni maagizo kutoka juu. Wewe gonga muhuri."

Nilimwendea mzee wetu wa kanisa, mtu aliyenilea katika imani na ninayemheshimu kama baba. Alinifungulia Warumi 13 akasoma, "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu," akaniambia niko chini ya mamlaka, nitii, na kama kuna dhambi basi itabebwa na aliyeamuru. Mdogo wangu wa kiume, naye ameokoka, anasema kinyume kabisa: serikali yote ni ya yule mnyama wa Ufunuo, niache kazi kesho, tena Wakristo wasilipe kodi wala wasiwaombee hao wakubwa. Mume wangu hasemi sana. Anaogopa, na mimi namwelewa, maana mshahara wangu ndio unaobeba nyumba.

Naomba unisaidie. Nikikataa, nitakuwa nimemwasi Mungu? Je, naweza kusaini halafu niwasaidie wale watu kwa siri baadaye? Na je, ni lazima niache kazi?

Dada yako katika Kristo

*

Amina, dada yangu.

Usitie sahihi. Nimeanza na jibu kwa sababu najua muda wako ni mfupi, na mtu mwenye karatasi kama hiyo mezani hapaswi kungojeshwa hadi mwisho wa mahubiri. Sababu zake sasa.

Mzee wenu hakukosea kuifungua Warumi 13. Sura ile iko pale, na haikuandikwa kwa ajili ya watawala wema peke yao. Paulo aliwaandikia Warumi kwenye mwaka 57 hivi, Kaisari Nero akiwa ameshika utawala wa Rumi tangu 54. Tukisema amri ile ni ya serikali tunazozipenda tu, tutakuwa tumeifuta. Mkristo anafuata sheria za barabarani hata kama waziri ni fisadi, anaitika mahakamani anapoitwa, analipa kodi. Hilo siwezi kukupunguzia hata kidogo, na kwa maelezo yako naona huhitaji kuambiwa.

Ila mzee amesoma na kuishia njiani. Endelea na sura ile ile. Mstari wa 4 unasema mtawala ni "mtumishi wa Mungu kwako kwa ajili ya mema." Mtumishi ana bwana wake na ana kazi aliyotumwa, kwa hiyo hawezi kuniagiza kitu ambacho bwana wake amekikataza, kisha akadai ametumwa. Mstari wa 5 unasema tutii "kwa sababu ya dhamiri." Paulo hakusema tuiue dhamiri ili tuweze kutii. Na baada ya kodi, ushuru, hofu na heshima katika mstari wa 7, hapohapo anaingia kwenye amri: usizini, usiue, usiibe, usitamani, na anamalizia kwa kusema "Pendo halimfanyii jirani neno baya." Yote hayo ni barua moja na pumzi moja. Mtu anayekutaka umwibie jirani ardhi kwa kutumia mstari wa 1 anakutaka uvunje mstari wa 9 na wa 10.

Tena kwa upande wako kuna jambo ambalo hata wewe naona hulipi uzito wake. Umesema sheria iko wazi kwamba wenyeji waitwe na wasikilizwe. Basi mamlaka iliyo kuu hapo ni ipi? Ni sheria iliyotungwa na kutangazwa, au ni sauti ya mtu mmoja ofisini isiyoandikwa popote? Ukikataa kugonga muhuri unakuwa umeitii serikali, na mkuu wako ndiye anayeiasi. Angalia kwamba maagizo hayo "kutoka juu" hayana barua. Mwenye agizo halali haogopi kuliandika.

Sasa nikupeleke kwenye 1 Wafalme 21, maana ndiko kesi yako iliko, na nashangaa tunaihubiri mara chache namna hii. Mfalme Ahabu alilitaka shamba la mizabibu la Nabothi, lililokuwa kando ya nyumba yake ya kifalme Yezreeli. Kwanza alikwenda kwa njia nzuri: akaahidi shamba lililo bora zaidi, au fedha. Nabothi akakataa, kwa kuwa ulikuwa urithi wa baba zake, na torati haikuruhusu ardhi ya urithi ipotee hivihivi. Ahabu akalala kitandani, akageuza uso, akagoma kula. Ndipo mkewe, Yezebeli, akaandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee na wakuu wa mji wa Nabothi.

Hapo ndipo nakuomba ukae na usome polepole. Yezebeli hakumgusa Nabothi kwa mkono wake. Ahabu naye hakutoka kitandani. Waliotenda ni watumishi wa mji. Wao ndio waliotangaza saumu, ndio waliomketisha Nabothi mbele ya watu, ndio waliowaleta mashahidi wawili wa uongo, wakamtoa nje ya mji akapigwa mawe, kisha wakatuma taarifa kwamba kazi imekwisha. Kila kitu kilikuwa na utaratibu wake: barua yenye muhuri, mkutano, mashahidi wawili kama torati inavyotaka, hata ibada ya kufunga. Walikuwa na jibu lile lile la mkuu wako, kwamba wameagizwa na walio juu. Na laiti wazee wale wangekataa, Yezebeli angekuwa na barua tu mkononi.

Biblia haikutuhifadhia jina hata moja la wazee wale. Hukumu ya Eliya ilimwangukia Ahabu na nyumba yake, hilo ni kweli, na kwa sehemu hiyo mzee wako yuko sahihi: aliyeamuru anabeba dhambi kubwa. Lakini dhambi ya aliyeamuru haiondoi ya aliyetenda. Hata mahakama za dunia zimelikubali hilo. Katika kesi za Nuremberg zilizoanza 1945, za viongozi wa Wanazi wa Ujerumani, utetezi wa "niliamriwa" haukumvua mtu hatia. Kanisa lisiwe na kiwango cha chini kuliko mahakama.

Mfano mwingine uko 1 Samweli 22. Sauli aliwaamuru walinzi wake wawaue makuhani wa Nobu. Walinzi wakakataa kunyosha mikono yao. Hawakumchomolea Sauli upanga, hawakupindua kiti chake, waliendelea kusimama pale pale kama walinzi wa mfalme, ila neno lile hawakulitenda. Sitakuficha kilichofuata. Doegi Mwedomi alilitenda yeye, na siku ile wakafa makuhani 85. Kukataa kwao hakukuwaokoa makuhani. Nakuambia hili kwa sababu mtu atakuja kukushawishi kwamba usiposaini wewe atasaini mwingine, kwa hiyo haina maana. Huenda kweli atasaini mwingine. Hata hivyo, Mungu hakukuuliza kuhusu sahihi ya mwingine.

Kwa mdogo wako, mwambie nimemsikia. Ufunuo 13 ipo, na kuna serikali zinazofika mahali pa kudai kile kilicho cha Mungu peke yake. Lakini hata katika sura hiyo waumini wanaambiwa wawe na subira na imani. Hawakuambiwa wachukue upanga. Bwana wetu alipoulizwa habari ya kodi, aliomba aonyeshwe dinari, akauliza sanamu na anwani ni ya nani, akasema, "Mlipeni Kaisari yaliyo ya Kaisari, na Mungu yaliyo ya Mungu." Kaisari aliyekuwa akitawala siku zile ni Tiberio, ambaye liwali wake angemtoa Yesu asulubiwe muda si mrefu. Yesu alijua, na bado hakusema msilipe. Yeremia aliwaandikia mateka waliokuwa Babeli wautakie amani mji ule na kuuombea kwa Bwana, mji wa watu waliowang'oa makwao. Paulo katika 1 Timotheo 2 anataka dua zifanyike kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka. Serikali mbaya haikupi ruhusa ya kuacha wajibu wako kwake. Mpaka wa utii hauko pale serikali inapotenda dhambi, kwa kuwa zote zinatenda. Uko pale inapokuamuru wewe uitende, au inapokukataza lile ambalo Mungu amekuamuru. Petro na mitume walisema, "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu," baada ya kukatazwa kuhubiri, na wakati wanasema hivyo walikuwa wamesimama mbele ya baraza lililowaita. Waliitika wito. Wakapigwa, wakatoka wakifurahi, wakaendelea kuhubiri. Hawakujificha, wala hawakulipiga baraza.

Kanisa la kwanza lilielewa hivyo. Polikarpo, askofu wa Smirna, aliyeuawa katikati ya karne ya 2, alimwambia liwali kwamba Wakristo wamefundishwa kuwapa watawala heshima inayostahili isiyotudhuru. Dakika chache kabla ya hapo alikuwa amekataa kumtukana Kristo, na kwa kukataa huko akachomwa moto. Heshima na kukataa vilikaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana.

Na kwetu Afrika tumeyaona yote mawili. Afrika Kusini kulikuwa na wahubiri walioitumia Warumi 13 kuwaambia watu wautii ubaguzi wa rangi, hadi mwaka 1985 wanateolojia wa huko wakatoa waraka wa Kairos wakisema wazi kwamba huo ni upotoshaji wa maandiko. Uganda, mwaka 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na uonevu. Walitumia maneno ya heshima, wakapitia njia iliyo wazi. Luwum aliuawa tarehe 16 Februari mwaka ule. Utawala ukasema ni ajali ya gari, na hakuna aliyeamini.

Umeuliza kama waweza kusaini halafu uwasaidie kwa siri. Najua swali hilo limetoka kwenye huruma, wala sikulaumu. Lakini fikiria karatasi ile itakavyofanya kazi baada ya kutoka mezani kwako. Siku wenyeji watakapokwenda mahakamani kulalamika, wakili wa upande wa pili atatoa muhtasari wenye muhuri wako, na sahihi yako ndiyo itakayowafunga mdomo. Msaada wako wa siri hautakuwa na nguvu mbele ya ushahidi wako wa wazi. Pilato naye alijua kwamba Yesu hana hatia, akanawa mikono mbele ya makutano, kisha akamtoa. Kila tunapoikiri Imani ya Mitume jina lake linatajwa.

Wako pia watakaokushauri uombe ruhusa ya ugonjwa siku hiyo ili karatasi ipite meza nyingine. Hapana. Ni uongo, na wale wenyeji watakuwa wamepoteza mtu pekee ofisini aliyejua kwamba mmoja wa "waliohudhuria" ni marehemu.

Basi ukatae namna gani? Nakupa njia ya Danieli, katika sura ya 1. Alipoandikiwa chakula cha mfalme, aliazimu moyoni asijitie unajisi, lakini hakupiga kelele kwenye meza ya mfalme. Aliomba. Mkuu wa matowashi alipoonyesha hofu ya kukatwa kichwa, Danieli aliielewa hofu ile, akampelekea msimamizi wake pendekezo: tujaribu siku kumi. Nawe fanya vivyo hivyo. Mwandikie mkuu wako maneno machache, yenye adabu, yasiyo na shutuma: "Muhtasari huu unataja mkutano ambao kwa kumbukumbu za ofisi yetu haukufanyika, na unamtaja mtu ambaye mirathi yake tuliishughulikia baada ya kifo chake. Kwa sababu hiyo siwezi kuuthibitisha. Niko tayari kusaidia kuitisha mkutano kwa utaratibu wa sheria, na kuufanyia kazi haraka." Usimtaje Yezebeli. Usimhubirie. Baki na nakala yenye tarehe. Kwa kufanya hivyo umemfungulia mlango wa kutoka na heshima yake, na inawezekana naye alikuwa anautafuta.

Akikutisha, tumia haki zako zote. Paulo alipopigwa Filipi bila hukumu, naye ni raia wa Rumi, hakukubali kutolewa gerezani kwa siri. Alitaka wakubwa waje wenyewe wamtoe. Alipoona Yerusalemu hatapata haki, alikata rufani kwa Kaisari. Kwa hiyo kwenda kwa wakili, kwa chama cha wafanyakazi, au kwenye chombo cha serikali kinachopokea malalamiko ya maadili, wala si upungufu wa imani. Huko ni kuiomba mamlaka ifanye kazi aliyoipa Mungu. Lakini kwanza uliza sheria ya utumishi inasemaje juu ya nyaraka za ofisi, usije ukatoa nje kitu kisichoruhusiwa ukawapa sababu nyingine ya kukushtaki.

Mumeo usimwache nyuma. Keti naye kabla hujapeleka barua ile. Mpe nafasi aseme hofu yake yote bila kumjibu kwa mistari, kwa maana anachohofia kinaweza kutokea kweli: uhamisho wa ghafla, kusimamishwa, kufukuzwa. Wale vijana watatu katika Danieli 3 walisema Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo." Mliseme neno hilo pamoja ninyi wawili, na mpange matumizi ya nyumba kana kwamba mshahara huo utakatika.

Na hapa nageuka kwa mzee wa kanisa, nikitumaini utamwonyesha ukurasa huu. Baba, binti yako huyu alikuja kwako kabla ya kwenda kwa mtu mwingine. Soma naye 1 Wafalme 21. Na kama atapoteza kazi kwa kukataa kushuhudia uongo, kanisa lisimwachie mumewe mzigo peke yake. Tumezoea kuchangia harusi na misiba. Hili nalo ni la kuchangia, na liingizwe kwenye ajenda ya kikao cha wazee mapema, kabla halijatokea.

Kuacha kazi? Mimi naona bado. Watoza ushuru walipomwendea Yohana Mbatizaji wakauliza wafanye nini, hakuwaambia waache meza zao, aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari nao aliwaambia wasidhulumu, wasishitaki kwa uongo, watosheke na mishahara yao. Obadia alikuwa msimamizi wa nyumba ya Ahabu, huyo huyo Ahabu wa Nabothi, na kutoka nafasi hiyo aliwaficha manabii 100 mapangoni akawalisha. Wajane wanaokuja ofisini kwako wanahitaji mtu kama wewe nyuma ya meza ile. Itakapofika mahali ambapo kila siku kazi yenyewe inakutaka useme uongo, na huna tena namna ya kukataa, hapo tutazungumza habari ya kuondoka. Kwa sasa peleka barua, rudi mezani, endelea na mafaili mengine kwa bidii ile ile, na kama wanataka kukuondoa, wafanye hivyo wao kwa maandishi.